Kwa nini safari ya kurudi inachosha kuliko ya kwenda? (Toronto–Istanbul–Dar)

#1 Mzigo Mzito
Wakuu, salama. Wanaotoka likizo ng'ambo wana lalamiko moja: kwenda walifika wazima, kurudi wanafika hoi na wiki nzima usingizi unawaruka. Dai langu: ni jetilagi, yaani saa ya mwili kupishana na saa za unakofika, hakuna kingine, na kuelekea mashariki ni kubaya kuliko magharibi. Wajuzi mnasemaje? Tiketi inayoniletea swali hili ni ya mwezi wa nane:

Toronto, Jumamosi 22:30 – Istanbul, Jumapili 15:40
Istanbul, Jumapili 19:05 – Dar, Jumatatu 02:05

Mabegi mawili ya kilo 23, moja la mkononi. Shemeji atanipokea Jumatatu usiku. Kazini ni Jumatatu hiyo hiyo saa mbili asubuhi.

#2 Kijiwe Na. 9
Naweka mkeka hapa. Ila kazini siku hiyo hiyo? Mkuu, wewe ni chuma cha reli.

#3 Popo wa Usiku
Dai lako lina ukweli, ila siyo wote. Saa ya ndani ya mwili kwa watu wengi huzunguka kwa zaidi kidogo ya saa 24, nyongeza ya kama dakika 10 hivi. Ndiyo maana kuchelewa kulala hakumshindi mtu, ila kuwahi kulala ni shughuli. Kwenda magharibi unauchelewesha mwili, kurudi mashariki unauwahisha. Kwa makadirio hujirekebisha kama saa moja na nusu kwa siku ukienda magharibi, na saa moja tu kwa siku ukija mashariki. Toronto na Dar mwezi wa nane zinapishana saa 7. Gawanya: kwenda siku tano, kurudi wiki. Jumapili ya kwanza ya Novemba Toronto wakirudisha saa nyuma, zinakuwa 8.

#4 bibi_tiketi
Kama ni jetilagi, nielezeni London. London na sisi ni saa 2 wakati wa kiangazi chao, 3 wakati wa baridi. Doha na Istanbul saa zao ndizo zetu hizi hizi. Dubai imetuzidi saa moja. Wanaorudi kutoka huko nao wanashuka miguu imevimba na macho mekundu. Saa zipi hapo zimewachosha?

#5 Fundi wa Anga
Bibi umegusa penyewe. Hewa ndani ya ndege haishindiliwi mpaka iwe kama ya ufukweni Kigamboni. Kwenye ndege nyingi inaachiwa ipungue hadi ilingane na ya mlimani, mwinuko wa kama mita 2,400. Boeing 787 na Airbus A350 zimejengwa zisivuke kama mita 1,800. Oksijeni kwenye damu inapungua kidogo, mtu anasinzia bila kulala. Halafu ukavu: huko nje ni nyuzi 50 na zaidi chini ya sifuri, hewa inayovutwa ndani haina maji, unyevu unabaki chini ya asilimia 20. Pua, koo na macho vinakauka kabla hujamaliza sahani ya kwanza.

Asiyeamini afanye hivi: chupa ya maji ya plastiki, inywe mpaka nusu ndege ikiwa juu, ikaze kifuniko, iweke kwenye mfuko wa kiti. Ikitua itazame. Itakuwa imebonyea kama imekanyagwa na mtu. Mliyokuwa mnavuta ni hewa hiyo.

#6 Wa Eastlands
Kumbe sisi Nairobi tumezaliwa ndani ya 787 😂 Uwanja wetu wa ndege, JKIA, uko mita elfu mbili na ushee. Nyinyi wa Dar endeleeni kuzirai.

#7 Ramani ya Zamani
#6 usituongezee, JKIA ni mita 1,624. Mwenye elfu mbili na ushee ni Bole pale Addis Ababa, mita 2,334. Yaani anayeunganisha Addis anashuka ndegeni lakini mwinuko wa kwenye kabini haumwachi. Ukikimbilia geti pale ukahema, siyo uzee.

#8 Kijiwe Na. 9
Sawa, lakini mwinuko na ukavu upo kwenda na kurudi. Ndege ile ile, kiti kile kile. Mbona kwenda hawalalamiki? Fundi jibu hilo.

#9 Fundi wa Anga
Kwenda wanalalamika pia, ila kesho yake hawaamkii kazini.

#10 Hesabu Kwanza
Tuache nadharia, tuhesabu masaa ya tiketi ya #1. Amka Toronto Jumamosi saa moja asubuhi. Hoteli inataka chumba saa tano au saa sita mchana, ndege ni saa nne na nusu usiku. Kutwa nzima unaburuta mabegi, huna pa kujilaza. Angani hadi Istanbul ni saa 10 na dakika 10, kungoja saa 3 na dakika 25, kisha saa 7 kamili hadi Dar. Jumla saa 20 na dakika 35. Unapotua, Toronto ni Jumapili saa moja na dakika tano usiku. Tangu uamke ni saa 36. Ulichopata humo ni vijisingizi vya kiti cha wima, vinakatwa na toroli la chakula na tangazo la mikanda.

Mimi nasema ni deni la usingizi, na siku mbili za mwisho za likizo ndizo hulikopa: kufunga mizigo, kuaga, manunuzi ya dakika za mwisho. Mtu anapanda ndege akiwa tayari anadaiwa. Kwenda alipanda amelala kwake.

#11 Mzigo Mzito
Asante #10, masaa 36 sikuyajua. Ila #3 naye sijamtupa. Kwa hiyo nikitua nifanye nini?

#12 Msafiri wa Kaskazini
Rahisi. Jua la asubuhi. Toka nje saa moja, tembea nusu saa, mwili unakaa sawa.

#13 Popo wa Usiku
#12 hapo unampoteza. Ushauri wa jua la asubuhi ni sahihi kwa aliyevuka saa 2 au 3. Kwa saa 7 kuja mashariki, siku za kwanza unafanya kinyume.

Sababu iko hivi. Joto la mwili hushuka kabisa kama saa mbili kabla ya muda wako wa kuamka. Mwanga mkali kabla ya hapo huisukuma saa ya mwili nyuma, baada ya hapo huivuta mbele. Aliyezoea kuamka saa moja asubuhi Toronto, shimo lake hilo la joto liko saa kumi na moja alfajiri ya kule, ambayo kwa Dar ni saa sita mchana. Jua la Dar la saa moja asubuhi linauchelewesha mwili badala ya kuuwahisha. Kwa hiyo Jumatatu: pazia limefungwa au miwani ya jua mpaka saa sita, kisha toka nje, saa sita hadi saa tisa upate mwanga wa kutosha. Jumanne geuza saa tano. Jumatano saa nne. Unashuka hivyo hivyo saa moja kila siku mpaka jua la asubuhi liwe rafiki yako tena.

Melatonini, yaani vidonge vya homoni ya usingizi, wanaotumia huanzia nusu miligramu hadi tano, muda wa kulala wa huku unakofika, kamwe siyo mchana. Mwenye kifafa au anayetumia warfarin (dawa ya kuzuia damu kuganda) aongee na daktari kwanza.

#14 Msafiri wa Kaskazini
Nimekuelewa kwenye karatasi. Lakini mtu anaingia kazini saa mbili asubuhi, atajifunika shuka kwenye daladala?

#15 Popo wa Usiku
Miwani nyeusi na kiti cha upande wa kivuli. Au aombe Jumatatu. Kuingia kazini siku ile ile ya kutua ni kujitafutia kesi.

#16 bibi_tiketi
Popo, hujanijibu London bado. Nangoja.

#17 Dawa ya Bibi
Miguu ya London mimi nitaijibu. Ni kukaa. Goti limekunjwa saa nane, damu inatuama kwenye mashavu ya miguu, maji yanatoka kwenye mishipa yanajaa kwenye vifundo. Shirika la Afya Duniani lilitoa matokeo yake 2007: safari ya zaidi ya saa 4 ukiwa umekaa huongeza hatari ya damu kuganda mguuni karibu mara mbili, ingawa kwa mtu mzima wa afya bado ni nadra, kama mmoja kwa 6,000. Basi la saa nyingi lina hatari hiyo hiyo, siyo ndege peke yake. Simama kila saa moja au mbili, inua visigino ukiwa umekaa, begi lisikae chini ya kiti cha mbele likakunyima nafasi ya kunyoosha. Soksi za kubana ziwe saizi yako na zifike chini ya goti. Iliyojikunja katikati inabana kama kamba, bora usivae. Uvimbe wa miguu yote miwili unaoisha kwa siku moja ni wa kawaida. Mguu mmoja ukivimba, ukauma, ukawa wa moto, hiyo ni hospitali siku hiyo hiyo, usingoje limao na maji ya chumvi.

#18 Wa Eastlands
Jina lako linasema Dawa ya Bibi halafu unakataza maji ya chumvi 😂

#19 Mkanda Na. 4
Mnabishania usingizi, begi litalala Istanbul. Mleta uzi, kabla hujaondoka kaunta ya Toronto soma lebo ya begi kwa macho yako: herufi tatu kubwa za kituo cha mwisho ziwe DAR. Ukiona IST peke yake, simama hapo hapo uulize. Kuna namba ya tarakimu 10; ya pili hadi ya nne ni namba ya shirika, sita za mwisho ndizo za begi lako. Piga picha lebo na begi pamoja, rangi ionekane.

Halafu bandua mabaki yote ya safari ya kwenda. Lebo kubwa kila mtu anaitoa; wanaoumiza ni vile vistika vidogo vyenye msimbopau vinavyobandikwa ubavuni na kwenye mpini. Mashine ya kupanga mizigo ikisoma msimbo wa zamani inachanganyikiwa, begi linatupwa pembeni lingoje mkono wa mtu, na kwenye kuunganisha kwa saa tatu huo mkono unaweza kuchelewa.

Kilo 23 ni 23. Mzani wa ndoano, au panda mzani wa bafuni na begi, kisha bila begi, toa. Ukilipia uzito wa ziada, begi moja kwa kawaida haliruhusiwi kupita kilo 32 hata uwe na hela, kwa sababu linabebwa na mgongo wa mtu.

#20 Kijiwe Na. 9
Saa 3 na dakika 25 Istanbul zinatosha?

#21 bibi_tiketi
Zinatosha kama ni tiketi moja, yaani namba moja ya kumbukumbu kwa safari yote. Ndege ya kwanza ikichelewa, wao ndio wa kukutafutia nyingine. Kama ni tiketi mbili zilizonunuliwa mbalimbali kwa sababu ya bei, ya pili haikujui: itaondoka, itaandika hukutokea, na kiti chako kimekwenda. Na anayekuta tiketi ya bei poa ya Toronto kupitia New York ajue Marekani hakuna kupita bila viza, hata kama hutoki nje ya uwanja. Wenye pasipoti ya Kongo (DRC) waangalie na Ulaya: kwa nchi za Schengen wao wanahitaji viza ya kupita hata uwanjani tu. Watanzania na Wakenya hatumo kwenye orodha ile ya pamoja.

#22 Ramani ya Zamani
Ongezea hapo: wanaopitia Addis wakangoja zaidi ya saa 12, Dar wanaweza kudaiwa kadi ya homa ya manjano. Kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 bado ni halali, tangu Julai 2016 sindano moja ni ya maisha. Mpya inaanza kuhesabika siku ya 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo usiende kuchanjwa siku ya safari.

#23 Mzigo Mzito
Ni tiketi moja. Nina pawabenki ya 30,000 mAh, itapita?

#24 Fundi wa Anga
30,000 mara volti 3.7, gawa kwa 1,000: Wh (saa-wati) 111. Mpaka 100 hupita bila kuomba, kati ya 100 na 160 ni kwa ruhusa ya shirika, juu ya 160 haipandi. Ya 20,000 ni Wh 74, haina maneno. Zote ni begi la mkononi, kamwe siyo la kupakiwa. Na soma masharti ya shirika lako, wanazidi kubana: Emirates kuanzia 1 Oktoba 2025 inaruhusu moja tu, chini ya Wh 100, na ni marufuku kuitumia ukiwa ndani. Maandishi ya uwezo yakifutika kwenye ganda, mkaguzi ana haki ya kuikataa hata kama ni ndogo.

#25 Chumvi na Ndimu
Na ile asali ya miti ya Kanada, ya maple?

#26 Mkanda Na. 4
Ni kimiminika, inaenda begi la kupakiwa. Lita moja ina kama kilo 1.3, watu wanahesabu kilo moja kisha wanashangaa kaunta. Kopo la bati ni salama kuliko chupa. Ukinunua dukani baada ya ukaguzi, iachwe kwenye mfuko uliofungwa na risiti ionekane, kwa maana Istanbul unakaguliwa upya, na zaidi ya mililita 100 bila mfuko huo inabaki pipani. Mfuko huo ni plastiki. Kwetu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu 1 Juni 2019, uvue ukitua.

#27 Mdai Haki
Begi lisipotokea Dar, usivuke kaunta ya mizigo bila kujaziwa fomu ya PIR, yaani ripoti ya begi lililopotea au kuharibika. Mkataba wa Montreal wa 1999: lililoharibika andika ndani ya siku 7, lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Fidia mwisho SDR 1,288 (SDR ni kipimo cha fedha cha IMF). Na ndege ikichelewa, euro 600 zako ziko pale.

#28 Hesabu Kwanza
Mdai Haki, mawili. 1,288 ni ya Desemba 2019. Tangu 28 Desemba 2024 ni SDR 1,519, kama dola elfu mbili za Marekani hivi. Na euro 600 za Jumuiya ya Ulaya ni kwa ndege inayoondoka nchi za Jumuiya, au inayokwenda huko kwa shirika la huko. Istanbul siyo Jumuiya ya Ulaya. Huyu anaondoka Kanada, kwa hiyo ni kanuni za Kanada: kwa shirika kubwa, kufika umechelewa saa 3 hadi 6 ni dola 400 za Kanada, 6 hadi 9 ni 700, kuanzia 9 ni 1,000. Sharti kosa liwe la shirika na lisiwe la kiusalama, na udai ndani ya mwaka mmoja.

#29 Mdai Haki
Nimepokea. Wa Amsterdam na Paris basi ndio wenye 600, na kwao kurudi kuna haki kuliko kwenda: kutoka Dar kwa shirika lisilo la Ulaya hupati kitu.

#30 Chumvi na Ndimu
Na kodi ya manunuzi inarudishwa?

#31 bibi_tiketi
Kanada walifuta kwa watalii 2007. London usihangaike, tangu 1 Januari 2021 haipo. Ufaransa ipo, zaidi ya euro 100 duka moja, ila unathibitisha forodhani kwanza ndipo ukabidhi begi. Wengi wanakabidhi kwanza.

#32 Mtu wa Mkunazini
Jamani, nimesoma uzi mzima hakuna aliyeliona. Ndege inatua Jumatatu 02:05. Mleta uzi kasema shemeji atampokea "Jumatatu usiku". Shemeji atafika uwanjani saa ishirini na kitu baadaye, mgeni ameshalala, ameamka na kurudi kazini.

#33 Kijiwe Na. 9
😂😂😂 Mabegi mawili, kilo 46, saa nane usiku, peke yake nje ya uwanja.

#34 Ramani ya Zamani
Hii ndiyo inaua wengi, hata wakati wa kuondoka. Ndege ya 00:15 ya tarehe 15 unaiendea tarehe 14 jioni. Mtu anatokea tarehe 15 usiku na mabegi yake, ndege ilikwenda jana.

#35 Mtu wa Mkunazini
Ila nimtetee. Kwa hesabu ya wazee wetu Unguja siku huanza jua likizama. Usiku wa Ijumaa ni Alhamisi baada ya magharibi. Kwa hesabu hiyo "usiku wa Jumatatu" ndio huo huo wa saa nane, na shemeji akiwa mtu wa pwani atakuwepo.

#36 Wa Eastlands
Hapa Nairobi usiku wa Jumatatu ni Jumatatu baada ya kazi. Wazee wenu wasikatiwe tiketi.

#37 Hesabu Kwanza
Shemeji ni mtu wa wapi?

#38 Mzigo Mzito
Wa Singida.

#39 Mtu wa Mkunazini
Basi mwandikie "usiku wa kuamkia Jumatatu". Hiyo haina mpwani wala mbara.

#40 bibi_tiketi
Mkimaliza kumpokea mgeni, London bado haijajibiwa. Dawa ya Bibi kajibu miguu. Macho je?

#41 Popo wa Usiku
Macho ni ndege ya usiku. Ukiondoka London jioni unatua Nairobi asubuhi: saa nane na nusu, toa chakula, toa kifungua kinywa, unabaki na saa nne na ushee za kulala. Hapo nakubaliana na #10.

#42 Fundi wa Anga
Na ukavu. Msiusahau ukavu.

#43 Dawa ya Bibi
Na kukaa.

#44 Mzigo Mzito
Nimeomba Jumatatu kazini, imekubaliwa. Pawabenki naacha. Shemeji nimemwandikia: "usiku wa kuamkia Jumatatu, saa nane na dakika tano". Amejibu: "Mbona tiketi uliyonitumia inasema saa mbili?"

#45 Kijiwe Na. 9
Mwambie saa nane, na picha ya tiketi aifute.